Mkanda wa Gari la Madame Odette

Maître Kisimba alipofariki, watoto wake walinipigia simu mimi kabla ya baadhi ya ndugu zao wa damu. Binti yake mkubwa, Solange, alizungumza kwa sauti iliyokauka kwa kulia. "Papa Mwepu, weye njo mwanafunzi wake wa kwanza. Ku kilio utasema maneno kwa jina ya batu ba garaji." Nilikubali. Kisha, kabla hata sijauliza mzee aliumwa nini au atazikwa lini, nikajisikia nikiuliza nani mwingine wa zamani atakuja. "Batu bote," akasema Solange. "Hata yaya Gode wa Kamatanda amesema atakuya." Yaya kwetu ni dada mkubwa. Nilimshukuru, nikaweka simu mezani, nikabaki nimeukodolea macho mlango wa ofisi yangu hapa Lubumbashi kama mtu anayesubiri kuitwa ndani. Aliyenifundisha kazi iliyonilisha maisha yangu yote alikuwa amelala mochwari ya Likasi, nami nilichokuwa nikikiogopa ni mwanamke mmoja ambaye sikuwa nimemwona kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano.

Ya wazazi wangu na ya shule niyaache, hayana kosa katika habari hii. Mwaka ninaotaka kuueleza ni ule niliotimiza miaka ishirini na mbili, nikiwa mwanagenzi katika garaji ya Maître Kisimba, Likasi, karibu na reli. Mara nyingi nimewasimulia watu habari za garaji ile, na kila mara mwaka huo nimeuruka. Lilikuwa ghala la zamani lenye paa la mabati na sakafu ya saruji iliyokunywa mafuta mpaka ikawa nyeusi na laini kama ngozi. Kwenye mlango palikuwa na ubao mweusi, na kila asubuhi Maître aliandika kwa chaki jina la gari na jina la mtu atakayelishughulikia. Nyuma kulikuwa na chumba kidogo kilichotengwa kwa bati moja tu, chenye benchi, jiko la makaa tuliloliita mbabula, na dirisha lisilo na kioo. Hapo ndipo tulipokula, na hapo ndipo nilipobandika ukutani kurasa za majarida ya Kifaransa ya magari, niliyoyapata sokoni yakiwa yanafungiwa karanga. Muuza karanga mmoja alikuwa amenizoea, akaniwekea kurasa zenye picha kabla hajazichana.

Nilikuwa nimelewa magari ya spoti. Sikuwa nimeendesha hata moja, na katika mji wetu wa malori ya madini na teksi zilizochoka hakukuwa na wengi waliowahi kuliona, lakini nilikuwa na maoni juu ya kila aina. Leo bado ninayo, na siyaonei haya yote. Vijana hunipigia simu kuniuliza wanunue gari gani la spoti la bei nafuu, na swali lao la kwanza huwa ni nguvu ngapi za farasi. Nawaambia waanze na uzito. Gari jepesi lenye injini ndogo litakufurahisha kwenye kila kona, wakati gari zito lenye silinda sita puani litakufurahisha kwenye barabara iliyonyooka tu, na sisi barabara zilizonyooka na zisizo na mashimo tunazihesabu kwa vidole. Nawaambia nguvu iende magurudumu ya nyuma, na gia zibadilishwe kwa mkono. Injini iliyolazwa chali, silinda kushoto na silinda kulia, inakaa chini na kulifanya gari lishike barabara vizuri, lakini siku ya kubadilisha plagi utamlaani aliyeichora. Tabo, kile kipulizio cha kuisukumia injini hewa, ni nzuri siku ya kwanza, halafu inakuwa mgonjwa wa kudumu nyumbani. Ninachopenda ni silinda nne zilizosimama mstari mmoja, zisizo na tabo, zinazopumua zenyewe na zinazotaka kuzungushwa mpaka zipige kelele. Haya yote nilikuwa nikiyasema tangu wakati ule, kwa sauti kubwa, mdomo umejaa bukari, ugali wetu, mbele ya watu waliokuwa wakijua kufungua injini kuliko mimi.

Mmoja wa watu hao alikuwa Godelive, tuliyemwita Gode. Alinizidi mwaka mmoja. Alikuwa mwanamke pekee katika garaji, na wateja wapya walimchukua kuwa mpishi mpaka walipomwona ametoka chini ya lori. Hakusema sana. Alikuwa na tabia ya kuweka kiganja juu ya injini inayozunguka, akafumba macho, akakaa hivyo kwa muda, kisha akataja silinda yenye kasoro. Mara nyingi alikuwa sahihi. Mimi na yeye tulipika kwa zamu. Zamu yake tulikula mboga za lengalenga na samaki wakavu waliokaangwa na nyanya, na sote tulijilamba vidole. Zamu yangu bukari lilikuwa na mabonge, naye alilila bila kulalamika, akisukuma mabonge pembeni mwa sahani. Nilipokuwa nikihubiri juu ya kurasa zangu za ukutani yeye alisikiliza. Mara moja tu alisema, "Weye Mwepu unaongea ya moteur kama muntu mwenye kuongea ya bibi ya mwenzake." Wote wakacheka, nami nikacheka nao, lakini neno lile lilikaa rohoni.

Katikati ya mwaka ule Madame Odette alileta gari lake. Alikuwa mwenye duka la dawa, mwanamke mnene, mcheshi, ambaye siku moja aliamua kwamba amewahudumia wengine vya kutosha. Alinunua gari dogo la Kijapani la viti viwili, lenye paa la turubai, lililoingia kupitia Zambia na usukani wake wa kulia. Rangi yake ya bluu ilikuwa imefifia kwenye boneti. Jumapili baada ya ibada alijifunga kitambaa kichwani, akakunja paa, akazunguka mji polepole huku akiwapungia watu mkono. Watoto walimkimbilia. Mimi nilipoliona likiingia garajini nilijisikia kama mtu aliyetembelewa nyumbani na mtu wa kwenye picha. Nilimfungulia Madame mlango, nikamweleza gari lake mwenyewe, mwaka wa mchoro wake, sababu ya pua yake kuwa ndefu, namna injini ilivyosogezwa nyuma ya magurudumu ya mbele ili uzito ugawanyike sawa. Alinisikiliza mikono kiunoni, akasema, "Kijana, kumbe minye nilinunua kintu kikubwa hivi bila kujua." Pampu ya maji ilikuwa inavuja. Maître alimsikiliza, akatutazama sisi wawili, akaenda ubaoni, akaandika chini ya jina la gari: Gode.

Huo ulikuwa ndio mwanzo wa wivu wangu, lakini haukuwa wote. Siku mbili baadaye nilikuwa peke yangu katika chumba cha nyuma, nikipepea mbabula, niliposikia sauti ng'ambo ya bati. Maître alikuwa na mgeni, msimamizi wa karakana kubwa ya kampuni moja ya madini, na nilijua kilichomleta: kila mwaka karakana ile ilimwomba Maître jina la mtu mmoja. Kazi ile ilikuwa ya mshahara wa kila mwezi, matibabu na nyumba. Nilikuwa nimeshajipa kazi hiyo kichwani, na katika nyumba ile nilikuwa nimeshapanga hata viti.

"Mukinipa kuchagua mumoja tu," Maître alikuwa akisema, "nitawapa ule binti."

"Mwanamuke? Ku atelier?"

"Mikono yake iko bien. Muje mumuangalie mwenyewe."

"Na ule kijana wa maneno mingi?"

Maître alicheka kidogo, bila ubaya. "Mwepu atakuwa fundi. Inabakia kidogo."

Sikuendelea kupepea. Makaa yalizimika, na siku ile chakula kilichelewa. Kama ningeingia pale nikalia mbele ya Maître ingekuwa aibu ndogo, ya siku moja. Badala yake nilinyamaza, nikaanza kumchunguza Gode nikitafuta kosa lake la kwanza.

Ili abadilishe pampu ya maji alilazimika kutoa mkanda wa valvu. Nieleze hapa kidogo kwa asiyejua. Ndani ya injini pistoni zinapanda na kushuka, na juu yao valvu zinafunguka na kufunga ili kuingiza hewa na kutoa moshi. Kuna injini ambazo valvu na pistoni hazifikiani, hata kila kitu kikienda kombo. Kuna nyingine ambazo mchoraji wake, akitaka nguvu nyingi katika silinda ndogo, amezipa vitu hivyo viwili nafasi moja vipokezane: valvu inashuka pistoni ikiwa chini, inarudi kabla pistoni haijapanda. Kinachoviwekea zamu ni mkanda mmoja wa mpira wenye meno. Katika injini ya aina ya kwanza mkanda ukikatika, gari linazimika tu, unaliburuta nyumbani na kuweka mpya. Katika aina ya pili mkanda ukikatika, chuma kinakutana na chuma.

Mkanda wa Madame Odette ulikuwa umelowa mafuta na una nyufa. Mpya haukupatikana Likasi, ilibidi uagizwe. Ilikuwa Alhamisi, na Maître alikuwa ameondoka asubuhi kwenda Kakanda kutazama lori lililolala huko. Aliniacha mimi msimamizi, kwa kuwa nilijua kuzungumza na wateja. Mchana Madame alikuja. Alisema Jumamosi mpwa wake anaolewa Kambove, naye alishauambia ukoo mzima kwamba atafika na gari lake limekunjwa paa.

Gode alijifuta mikono, akamwambia kwa upole kwamba haitawezekana. "Madame, mukanda haiko muzuri. Ukikatika, moteur inakufa."

Nikaingilia. Nilisema kwamba injini ile ni ya aina isiyogongana. Nilikuwa nimesoma hivyo katika jarida, na ukurasa ulikuwa ukutani. Pistoni zake zimechongwa vishimo juu ili kuzipisha valvu. Mkanda ule ungefika Kambove na kurudi, na hata ukikatika, Madame atasimama njiani dakika chache, basi.

"Minye niliizungusha na mukono bila mukanda," Gode akasema. "Polepole, na ufunguo. Ilifika fasi moya ikakatala. Kuko kintu kinagusa kingine mule ndani."

Ningeweza kumwomba anionyeshe. Ilikuwa kazi ya dakika tano. Lakini walikuwepo Madame, mafundi wengine wawili na dereva wa teksi anayesubiri, na wote walikuwa wakinitazama mimi. "Mukono wako," nikamwambia, "umesoma ku shule gani?"

Walicheka, hata Madame, ingawa yeye alijizuia mara moja. Gode aliweka ufunguo juu ya benchi. "Bon. Weka weye. Minye siweki." Akaenda chumba cha nyuma. Zamu ya kupika ilikuwa yake, akapika, akatupakulia wote, na mimi akanipa fungu kubwa kama kawaida. Nilikula. Kisha nikauweka ule mkanda wa zamani kwa mikono yangu, nikaukaza, nikawasha, na injini ile ikaimba vizuri sana, nami nikamwita kila mtu aje kusikia. Ubao wa mlangoni haukubadilika. Chini ya jina la gari palikuwa pameandikwa Gode.

Ulikatika Jumamosi asubuhi kwenye kilima, kabla ya Kambove. Madame alisema baadaye kwamba alisikia kitu kama mawe yanamwagwa kwenye sufuria, kisha kimya. Lori la magunia ndilo lililomwokota. Aliingia kwenye harusi ya mpwa wake akiwa amekaa mbele kati ya dereva na kuli, nguo yake imejaa vumbi, wakati sherehe imekwisha nusu. Gari lenyewe lilivutwa kwa kamba hadi garajini Jumatatu, naye hakuja nalo.

Maître alikuwa amerudi. Alifungua kichwa cha injini yeye mwenyewe, sote tumesimama kumzunguka. Valvu zilikuwa zimepinda kama misumari iliyopigwa vibaya, na pistoni ya tatu ilikuwa na tundu ambalo kidole kingepita. Vile vishimo vya juu vilikuwepo, kama nilivyosema. Havikuwa na kina cha kutosha. Jarida langu lilizungumzia injini ya toleo la kwanza la gari lile, na hili lilikuwa la pili, ambalo valvu zake zilipewa kushuka zaidi ili injini ipumue vizuri. Nililielewa jambo hilo palepale, nikiwa nimesimama, na hata katika hofu yangu sehemu fulani ya akili ilifurahia kulielewa. Nalitaja kwa sababu ndivyo nilivyokuwa.

"Nani aliweka hii mukanda?" Maître akauliza.

Alitazama ubaoni. Gode akasema, "Si minye, Maître."

Kisha Maître akanitazama mimi. Mkononi nilikuwa nimeshika ile pampu ya zamani, na nakumbuka uzito wake na namna maji ya kutu yalivyonichuruzikia kwenye kiganja. Nikasema, "Gode njo alifungula moteur."

Ilikuwa kweli. Neno kwa neno ilikuwa kweli, na kwa miaka mingi nilijifichia ndani ya ukweli huo. Mafundi wale wawili waliokuwepo Alhamisi walitazama chini. Niliwahi kuwaza kwamba waliniogopa. Sasa nadhani hawakutaka tu kuingia katika mambo ya mwanamke na msimamizi. Gode hakulia wala hakunitukana. Alinitazama akisubiri, kama alivyokuwa akisubiri na kiganja juu ya injini, nami nilihisi ananipa nafasi ya kuongeza sentensi moja. Sikuiongeza.

"Mali ya muntu imekufa mu garaji yangu," Maître akasema mwishoni. "Gode, kesho usikuye."

Alivua ovaroli yake katika chumba cha nyuma, akaikunja, akaiweka juu ya benchi, akapita katikati yetu na kitenge chake. Juma lililofuata jina langu lilipelekwa kwenye karakana ya kampuni. Nilifanya kazi huko miaka kumi na moja, nikajifunza injini ambazo Likasi haijawahi kuziona, nikahamia Lubumbashi, nikafungua karakana yangu na chumba cha kufundishia. Wanafunzi wangu wananiita Ingénieur. Gari la bluu la Madame Odette lilikaa nyuma ya garaji likiotewa na majani mpaka likauzwa kwa vipande, naye hakununua lingine. Nilipopita mbele ya duka lake nilivuka barabara.

Kilio cha Maître kilifanyika katika parseli yake, uani kwake, chini ya hema la bluu, viti vya plastiki vimepangwa mistari na kwaya ya kanisa ikiimba pembeni. Nilifika saa nne asubuhi nikiwa na karatasi yangu mfukoni. Gode alikuwa kwa wanawake, nyuma ya nyumba, akichambua sombe, majani ya muhogo. Nilimtambua kwa mgongo. Alikuwa amenenepa, nywele zimeingia mvi, na aliponiona alisimama, akajifuta mikono kwenye kitenge, akanisalimu kwa heshima iliyonichoma kuliko matusi. "Yambo, papa Mwepu. Pole ya muzee."

Tulikaa kwenye hatua za mlango wa jikoni. Akaniletea sahani, bukari na samaki, nikaishika bila kula. Niliuliza habari zake. Ana watoto wanne. Bwana wake alikufa zamani kwenye mashimo ya wachimbaji. Ana mashine mbili za kusaga mahindi huko Kamatanda, za dizeli, anazifungua na kuzifunga mwenyewe, na watu wa mashine nyingine humwita zinapokwama. Alieleza haya bila kujisifu. Nikamwambia, "Gode, ile mukanda niliweka minye."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa leo ni siku gani. "Mwepu. Minye nilikuwa pale."

"Najua. Lakini Maître hakujua. Amekufa bila kujua."

"Alijua," akasema. "Madame Odette alimuambia. Haikupita hata juma mbili. Alimuambia ni kijana njo alisema moteur iko salama, binti alikataza. Muzee alikuya kwetu nyumbani, akakaa mu kiti, akaomba samahani mbele ya mama yangu. Aliniletea sanduku ya fungulo. Njo zile ninatumika nazo mpaka leo ku mashine."

Nikauliza kwa nini, basi, hakumrudisha.

"Nilimuuliza vile vile. Alisema jina yako ilishaenda ku kampuni, akienda kugeuza batasema garaji yake haina akili. Na alisema weye ni mwanaume, utalisha batu mingi. Minye nitaolewa." Alichukua sahani mikononi mwangu, kwa kuwa ilikuwa inainama na mchuzi unataka kumwagika, akaiweka chini. "Alilia, muzee. Mama yangu alimupatia maji."

Nilifikiri juu ya miaka yote ambayo Maître alinialika nyumbani kwake Mwaka Mpya, akanikalisha kulia kwake, akawaambia wageni kwamba mimi ndiye ushahidi wa kazi yake. Alikuwa akijua kila mara. Alikuwa amenilinda, na kwa kunilinda alijifunga nami kamba moja, na nilipokuwa nikidhani nampenda kwa shukrani, labda sote wawili tulikuwa tukikaa karibu ili kila mmoja amchunge mwenzake. Au labda alinipenda kweli. Siwezi kumuuliza tena.

"Batanisemesha leo," nikamwambia Gode. "Nitasema yote."

"Utasema yako," akajibu, akarudi kwenye sombe.

Walipoita jina langu niliiacha karatasi mfukoni. Nilisimama mbele ya jeneza na watu wa Likasi, nikasema habari ya gari la Madame Odette tangu mwanzo: jarida, mkono wa Gode uliogundua kile ambacho kurasa zangu hazikukijua, sentensi yangu moja ya kweli iliyokuwa uongo. Nilisema nafasi yangu karakana ya kampuni ilikuwa ya Gode. Nilichosikia kwa Gode kuhusu Maître sikukisema, kwa sababu watoto wake walikuwa wameketi mstari wa mbele, na hata sasa sijui kama hiyo ilikuwa huruma au woga mwingine. Nilipomaliza nilidhani angalau safari hii nimepokea ninachostahili.

Kisha Mchungaji akasimama. Akaniwekea mkono begani. Akasema, ndugu zangu, mumeona muntu mukubwa ni nani, ni ule mwenye kujishusha. Akahubiri juu ya toba yangu kwa muda mrefu kuliko alivyomhubiri marehemu. Kwaya ikaitikia. Solange alinikumbatia akilia, akasema baba yake angejivunia. Wazee wakapanga mstari kunipa mkono. Kijana mmoja, fundi wa pikipiki, akaniambia hajawahi kumwona bosi mwenye moyo kama wangu, akaniomba nafasi ya kujifunza kwangu. Nilikuwa nikitafuta njia ya kuwaambia wanyamaze, lakini kila nilipofungua mdomo walidhani ni machozi na wakanipigapiga mgongo. Hakuna aliyekwenda nyuma ya nyumba kumpa Gode mkono.

Nilimkuta kwenye lango. Alikuwa ameshavaa viatu na anaongea na mwenye pikipiki atakayemrudisha Kamatanda, kwa sababu foleni ya mahindi kwake ilikuwa inamsubiri tangu asubuhi. Nilisimama mbele yake, na watu wawili zaidi wakaja kunishika mkono, nikaipokea mikono yao kwa sababu sikujua namna ya kuikataa. Aliwasubiri wapite.

"Unaona, Mwepu," akasema, bila hasira. "Banakusifu tena."

Alipanda, akavuta kitenge chake kisiguse mnyororo, akamgusa dereva begani. Kwa nyuma yangu Mchungaji alikuwa akiita jina langu, kwamba chakula kiko tayari na kiti changu kiko mezani kwa wakubwa. Nilikwenda. Nilikaa hapo waliponionyesha.